Kukodi gari bandarini katika safari ya meli ya visiwani

Ratiba ya meli ikisema "saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni", usidhani una muda wa saa tisa wa kuzunguka na gari. Piga hesabu. Meli ikishafunga kamba gatini, maofisa wa bandari hupanda kwanza kukagua hati, na abiria hawashuki mpaka ruhusa itoke. Weka saa 2:45. Kutoka ngazi ya meli hadi kaunta ya gari, kwa miguu au kwa basi dogo la kampuni, ni saa 3:15. Foleni, mkataba na ukaguzi wa gari vikiisha, ni saa 4 kamili ndipo unawasha injini. Jioni nako, mwisho wa kupanda melini huwa nusu saa kabla ya kuondoka, na meli nyingine hutaka saa nzima. Tuseme ni saa 10:30. Basi uwe kwenye lango la bandari saa 9:30, gari uwe umelikabidhi saa 9:00, na saa 8:30 uwe umeshakaribia mji ukitafuta kituo cha mafuta.

Toa yote hayo, zinabaki saa nne na nusu. Kama kukodi kunafaa, gari gani uchukue, upite njia gani: vyote vipime kwa muda huo, si kwa ule ulioandikwa kwenye tiketi.

1. Amua kama bandari hiyo inafaa gari

Anza kwa kuangalia kama meli inafunga gatini au inatia nanga nje. Ikitia nanga, abiria wanashushwa kwa boti ndogo, na namba za kupanda boti hutolewa kwa zamu. Ndivyo ilivyo Kona katika Hawaii, George Town huko Grand Cayman, na Santorini. Kwenye bandari ya namna hiyo punguza saa nyingine moja hadi moja na nusu: kushuka asubuhi, kisha foleni ya boti jioni wakati kila mtu anarudi kwa pamoja.

Santorini ni ngumu zaidi. Boti zinakuacha chini ya jabali, na magari ya kukodi yako juu, katika mji wa Fira. Kupanda ni kwa gari la kamba, lile linaloning'inia kwenye waya, au kwa miguu kupitia ngazi zinazokaribia 600. Siku ambayo meli kubwa tatu zimetia nanga pamoja, foleni ya gari la kamba peke yake inaweza kumeza muda uliokuwa umeutenga kwa ufuo mzima wa kusini. Pale kodi gari tu kama meli inakaa mpaka usiku. Vinginevyo panda basi.

Kuna visiwa ambavyo hata kuuliza hakuna haja. Hydra ya Ugiriki hairuhusu magari. Bermuda haimkodishii mgeni gari la kawaida, ila vigari vidogo vya umeme.

Zinazofaa ni bandari ambazo ofisi za magari ziko karibu na kisiwa kinazungukika. Barbados yote ina urefu wa kilomita 34 tu. Kutoka Ponta Delgada, katika visiwa vya Azores vya Ureno, hadi ziwa la Sete Cidades ni kama kilomita 25. Katika Hawaii, gati za Kahului, Hilo na Nawiliwili ziko kilomita chache tu kutoka viwanja vya ndege, ambako ndiko yaliko magari mengi, na kutoka Hilo hadi Hifadhi ya Volkano ya Hawaii ni kama kilomita 48, mwendo wa robo tatu ya saa. Meli ya Pride of America, inayozunguka visiwa hivyo kila wiki kutoka Honolulu, hulala Kahului na Nawiliwili, kwa hiyo huko unaweza kukaa na gari hadi kesho yake. Uliza tu mapema litalala wapi. Ndani ya uzio wa bandari huliingizi.

Kama meli inakaa chini ya saa sita, usikodi. Kama mko wawili na mnataka ufuo mmoja tu, teksi ya kwenda na kurudi haina fomu wala dhamana.

2. Kuweka nafasi: saa ya nani?

Fomu za kukodi hutumia saa 24. Saa 2 asubuhi yetu ni 08:00 kwenye fomu, na saa 9 alasiri ni 15:00. Anayefikiri kwa Kiswahili na kujaza haraka huandika 09:00 akimaanisha alasiri, na huenda mfumo usimkatalie, ukampa gari la siku nzima linalorudi asubuhi ya kesho yake, meli ikiwa kisiwa kingine. Isome tena ile barua ya uthibitisho, tarehe na saa, kabla ya kulipa.

Mtego wa pili ni saa ya meli na saa ya kisiwa. Meli nyingine hubadilisha saa kila zikivuka ukanda, nyingine hubaki na saa ya bandari zilikoanzia. Chukua meli iliyotoka Miami mwezi Januari ikabaki na saa ya Miami: Barbados iko saa moja mbele. Meli inafunga gatini 08:00 kwa saa yake, kisiwani ni 09:00. Ukiwa umeagiza gari la 08:30, kampuni imekusubiri nusu saa kabla hata meli haijafika, na huenda gari lako ameshapewa mtu mwingine. Mwezi Julai huko Cozumel, kisiwa cha Mexico, hali hugeuka, kisiwa kikawa saa moja nyuma ya Miami. Gari linaagizwa kwa saa ya kisiwa, meli inakusubiri kwa saa yake. Vaa saa ya mkononi uliyoilinganisha na saa ya meli. Simu hujibadilisha yenyewe bila kukuuliza.

Mengine ya kuangalia wakati wa kuagiza:

- Ofisi iko wapi hasa. Neno "bandari" kwenye tovuti linaweza kumaanisha mlango wa gati au ofisi ya mjini kilomita tano mbele. Tafuta anwani kwenye ramani. Kama kuna basi la kukuchukua, uliza linasimama wapi na linakuja lenyewe au mpaka upige simu.
- Ni siku gani ya wiki. Jumapili na sikukuu ofisi za mjini hufungwa katika visiwa vingi, na kwingine hufungwa mchana kwa mapumziko. Ofisi ikifunga saa 7 na kufungua saa 10 jioni, huna pa kurudisha gari.
- Jina la meli. Andika jina la meli na saa ya kufika kwenye nafasi ya namba ya ndege au ya maelezo. Kampuni inayofuatilia ratiba ya bandari itajua umechelewa kwa sababu ya meli, si kwamba umeghairi.
- Masharti ya kughairi. Bahari ikichafuka, nahodha huiruka bandari, na abiria hutangaziwa asubuhi ile ile. Chukua bei inayoruhusu kughairi, au ya kulipia kaunta, hata kama inazidi kidogo. Bei nafuu isiyorudishwa haifai kabisa kwa abiria wa meli.

Aina ya gari husomwa kwenye herufi nne zinazoandikwa kando ya picha, kwa mfano ECMR au CDAR. Ya kwanza ni ukubwa (E ni dogo la bei nafuu, C ni kubwa kidogo kuliko hilo), ya pili ni umbo, ya tatu ni gia (M ya mkono, A otomatiki), ya nne inahusu mafuta na kiyoyozi. Picha isikushike, ni mfano tu. Herufi ya tatu ndiyo ya kukazia macho. Katika visiwa vya Ulaya gari la kawaida ni la gia za mkono, na otomatiki ni chache na huisha mapema. Kwa barabara za milimani zenye kona, gari dogo ni bora kuliko kubwa: linapishana kwa urahisi kwenye vichochoro na linapata maegesho.

3. Hati za kushuka nazo

Leseni halisi, si picha kwenye simu wala nakala. Kampuni nyingi zinataka uwe umeimiliki angalau mwaka mmoja, na dereva mwenye umri chini ya miaka 25 hutozwa nyongeza. Kama leseni haiko kwa herufi za Kilatini, au nchi unayokwenda inadai hivyo, beba kibali cha kimataifa cha udereva kutoka nchi iliyokupa leseni. Kibali hicho hakisimami peke yake. Hutolewa pamoja na leseni. Visiwa kadhaa vya Karibea, vikiwemo Barbados, Antigua na Grand Cayman, vina kibali chao cha muda kwa wageni. Mara nyingi hutolewa hapo hapo kaunta kwa ada ndogo, lakini kinaongeza dakika.

Kadi ya mkopo iwe ya jina la dereva mkuu. Hapa ndipo wengi wanakwama: mume ndiye dereva, kadi ni ya mke, kaunta inakataa, na hakuna wa kumlaumu. Kampuni huzuia kwenye kadi kiasi cha dhamana juu ya bei ya kukodi, kwa hiyo hakikisha kikomo cha kadi kinatosha. Kadi ya benki ya kawaida kwingine hukubaliwa kwa sharti la kununua bima yao yote.

Pasipoti ni jambo la kushughulikia jana yake. Katika baadhi ya safari meli hukusanya pasipoti za abiria na kukaa nazo mapokezi. Uliza usiku wa kabla kama unaweza kupewa yako, na kama sivyo, uandikie kampuni ya magari kujua kama nakala inatosha. Usisahau kadi ya chumba na kitambulisho chenye picha. Walinzi wa lango la bandari hawatakuruhusu kurudi bila hivyo.

4. Bima

Soma vitu viwili tu, lakini visome kweli. Cha kwanza ni hasara utakayoibeba mwenyewe. Karibu kila mkataba unakuachia kiasi cha kwanza cha uharibifu, na bima huanza kulipa juu yake. Kiasi hicho mara nyingi ndicho kinachozuiwa kwenye kadi. Kukipunguza hadi sifuri unalipa nyongeza kwa siku. Kwa gari la siku moja kwenye barabara usizozijua, nyongeza hiyo si kupoteza fedha.

Cha pili ni visivyolipwa kabisa. Tairi, rimu, vioo, sehemu ya chini ya gari na funguo zilizopotea huwa nje ya bima ya msingi, nazo ndizo zinazoumia kisiwani: mawe, matuta, kingo za lami zilizolika. Barabara ya vumbi isiyoruhusiwa kwenye mkataba huifuta bima yote, hata kama ajali haikutokana na vumbi. Bima ya kadi ya mkopo nayo, pale inapokuwepo, kwa kawaida hulipia gari lenyewe tu, si madhara kwa watu wengine. Mexico sheria inadai bima ya madhara kwa wengine inayotambulika nchini humo, na ndiyo maana bei nzuri ya Cozumel hupanda ghafla ukifika kaunta.

5. Kupokea gari: dakika kumi usizozipunguza

Aliyetangulia kushuka melini ndiye wa kwanza kaunta. Kama mko wengi, dereva atangulie na hati, wengine wafuate na mizigo. Ukikabidhiwa funguo:

1. Piga video ukilizunguka gari mara moja, polepole, ukianzia na namba ya usajili. Kisha inama upige picha ya kila rimu na chini ya bampa la mbele, ambako mikwaruzo hujificha.
2. Kioo cha mbele kiangalie kwa pembeni, mwanga ukigonga. Ufa mdogo wa jiwe hauonekani ukisimama mbele yake.
3. Washa injini, piga picha ya dashibodi ionyeshe mafuta na kilomita. Kama kuna taa ya onyo inayobaki imewaka, omba gari lingine kabla hujatoka.
4. Fungua buti. Tafuta tairi la akiba, jeki na spana ya magurudumu. Magari mengi mapya hayana tairi la akiba, yana pampu na chupa ya gundi. Jua hilo sasa, si kando ya barabara.
5. Jaribu indiketa, waipa, taa, na gia ya kurudi nyuma. Gia ya nyuma hutofautiana: kwingine unainua pete, kwingine unakandamiza. Uliza pia kifuniko cha mafuta kiko upande gani na ni petroli au dizeli.
6. Hakikisha kila mkwaruzo umeandikwa kwenye fomu na mhudumu ametia sahihi. Neno "usijali, hiyo tunaijua" haliwi badala ya sahihi ya mkono.

6. Barabarani

Ramani ipakue ukiwa na mtandao wa uhakika siku moja kabla. Simu ibaki kwenye hali ya ndege hadi ukanyage gati, maana mtandao wa simu wa meli hutoza kwa viwango vyake.

Jamaica, Bahamas, Barbados, Malta, Saiprasi, Morisi na Shelisheli wanaendesha kushoto. Hawaii, Curaçao, Martinique, Réunion, Madeira, Azores na visiwa vya Ugiriki wanaendesha kulia. Visiwa vya Virgin vya Marekani ni kichekesho chao wenyewe: barabarani ni kushoto, usukani nao uko kushoto, kwa hiyo dereva anakaa ukingoni na abiria ndiye anayeona kama njia ya kupita gari la mbele iko wazi.

Dereva aliyezoea kushoto akikalia usukani wa kushoto katika kisiwa cha kuendesha kulia, mazoea yanamwambia upana wa gari uko upande wake wa kushoto, kumbe sasa umehamia kulia. Matokeo yake gari linajivuta kuelekea ukingo wa kulia bila yeye kuhisi, na kinachoumia ni rimu ya mbele ya kulia na kioo cha pembeni cha upande huo. Dawa yake ni abiria wa mbele: kazi yake nusu saa ya kwanza ni kutazama umbali wa tairi lake na ukingo na kusema. Mkono nao utawasha waipa kila unapotaka indiketa; hilo lina aibu tu. Hatari halisi ni mzunguko wa barabara. Kiplefti ya huko huzungukwa kinyume na mwendo wa mishale ya saa, na wa kumpisha ni anayetoka kushoto kwako. Pia unapotoka kwenye maegesho matupu, mahali pasipo na gari jingine la kukukumbusha, ndipo unapoingia upande usio wako.

Njia uichague hivi: anza na kituo cha mbali zaidi, kisha rudi ukisimama vituo vya karibu na bandari. Ukifanya kinyume, jioni inakukuta mbali. Kwenye barabara za mlimani usihesabu zaidi ya kilomita 35 kwa saa, hata kama ramani inakuahidi hamsini. Na weka saa ya kugeuka: nusu ya muda wako wa barabarani. Kwa hesabu tuliyoanza nayo, ni saa 6:15. Ikifika, geuza popote ulipo, hata kama maporomoko ya maji yamebakiza kona tatu.

Barabara moja tu ya kwenda na kurudi iogope kuliko nyingine zote, maana jiwe moja likianguka umefungiwa. Mfano ni barabara ya kwenda Hana, katika kisiwa cha Maui, Hawaii: kama kilomita 84 kutoka Kahului, kona zipatazo 620 na madaraja 59, mengi yakipitisha gari moja kwa zamu. Iweke siku ambayo meli inalala Kahului, si vinginevyo. Kilele cha Haleakalā kisiwani humo kiko mita 3,055, na unapanda kutoka usawa wa bahari. Jaza mafuta chini, kwani ndani ya hifadhi ya mlima huo hakuna kituo. Anayetaka kuona jua likichomoza huko huhitaji nafasi iliyowekwa kabla kwa gari kuingia kati ya saa 9 usiku na saa 1 asubuhi. Ukishuka, weka gia ndogo, hata kwenye otomatiki (herufi L au namba 2), na acha injini ishike gari. Ukisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, breki zimechemka: egesha, zisubiri zipoe, wala usizimwagie maji.

Huko Italia, kwa mfano Palermo katikati, kuna maeneo ambayo magari yasiyo na kibali hayaingii, na kamera ndiyo mlinzi. Ramani ya simu inaweza kukupitisha humo bila onyo. Egesha nje, tembea.

7. Kurudisha

Sharti la mafuta likiwa "limejaa kwa limejaa", jaza kwenye kituo cha karibu na ofisi na utunze risiti. Kituo ukitafute asubuhi unapotoka, jioni utaona foleni tu. Rudia video ile ile, pamoja na dashibodi. Mhudumu akikagua, omba karatasi yenye sahihi kwamba gari halina jipya. Ofisi ikiwa imefungwa na funguo unatumbukiza kwenye sanduku, gari linabaki jukumu lako mpaka watakapolikagua, na hapo picha zako ndizo shahidi pekee.

8. Mambo yakiharibika

Meli huzisubiri safari ilizoziuza yenyewe. Wewe uliyekodi gari haikusubiri. Kwa hiyo kabla ya kushuka piga picha ya karatasi ya ratiba ya siku, palipoandikwa namba ya wakala wa meli bandarini. Ukiona utachelewa, mpigie mapema ukiwa bado barabarani, umwambie jina, namba ya chumba na uko wapi. Pancha au ajali: piga simu ya dharura iliyo kwenye mkataba kwanza, usilitengeneze gari mahali pengine bila idhini, na kwa ajali chukua ripoti ya polisi hata kama ni mkwaruzo, maana bila hiyo bima nyingi hazilipi.

Meli ikishaondoka, mtafute wakala huyo huyo. Kama pasipoti yako ilibaki melini, huenda imeachwa kwake. Nauli ya kuifuata meli kisiwa kinachofuata ni yako, na ukifika huko utahitaji hati za kuingia nchi hiyo kwa njia ya kawaida. Gari usilitelekeze gatini ukikimbilia meli. Litatozwa kila siku hadi lipatikane. Lirudishe, au piga simu useme liko wapi na funguo ziko wapi.

Fedha zilizozuiwa kwenye kadi huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, kuachiwa. Faini za kamera huja baadaye zaidi, pamoja na ada ya kampuni ya kutoa jina lako. Video, risiti ya mafuta na karatasi ya kukabidhi usizifute mpaka miezi sita ipite.